Uzoefu wangu wa kumfundisha Kiingereza mtoto mgeni bila kumfungia lugha ya nyumbani

Swali ninaloulizwa na wazazi na walimu wenzangu hapa Nakuru ni lile lile: mtoto aliyekuja kutoka Juba, Bujumbura au Bukavu, tukimruhusu lugha ya kwao darasani, si tunamchelewesha Kiingereza? Kwa nilivyofanya kazi na watoto hawa katika madarasa ya chini, jibu linategemea lugha hiyo imepewa kazi gani ndani ya kipindi. Ikitumika kumweleza jambo gumu na kumfundisha kusoma, Kiingereza kinakuja upesi. Ikitumika kumtafsiria kila sentensi ya mwalimu, inamchelewesha kweli.

Wamarekani wamelivutania swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu yao, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliamua kwamba shule za San Francisco ziliwanyima haki watoto wenye asili ya Kichina kwa kuwaweka darasani wasikoelewa neno, bila msaada wowote. Mwaka 1998 wapiga kura wa California wakapitisha Pendekezo 227 lililoondoa sehemu kubwa ya masomo ya lugha mbili, na mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilo hilo wakaligeuza kwa Pendekezo 58. Kule mtoto ana lugha moja mpya ya kujifunza. Kwetu ana mbili kwa mpigo. Sera yetu inasema chekechea hadi gredi ya 3 watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika mji wenye mchanganyiko kama Nakuru lugha hiyo ni Kiswahili. Gredi ya 4 masomo yanageuka Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Kinuer kutoka Sudan Kusini anaokota Kiswahili uwanjani mtaani Kaptembwo, huku mwalimu akimdai Kiingereza ubaoni.

Kabla ya kumpangia gredi, mpime kwa lugha anayoijua. Dakika 20 zinatosha, mradi awepo mtu mzima anayeizungumza. Mpe picha nne zinazofuatana asimulie kisa. Mpe aya fupi aisome kwa lugha yoyote aliyosomea. Mwandikie hesabu kwa tarakimu tupu, kama 43 kutoa 17, ili Kiingereza kisiingilie. Mwisho muonyeshe herufi za Kiingereza. Na usikisie lugha kwa kuangalia nchi. Mtoto wa Sudan Kusini anaweza kuwa Mdinka, Mnuer, Mbari au Mwacholi, na Kiarabu cha Juba akawa anakisikia tu. Mtoto wa Goma au Bukavu huenda amezungumza Kiswahili tangu utotoni na akasoma kwa Kifaransa, ilhali wa Kinshasa amekulia Kilingala.

Ninachokitafuta zaidi katika kipimo hicho ni kama mtoto anajua kusoma, kwa lugha yoyote ile. Anayesoma Kifaransa au Kiarabu ameshaelewa kwamba alama kwenye karatasi ni sauti, na kilichobaki ni kumpa alama mpya. Asiyesoma popote ana kazi mbili, na ukimwanzishia kusoma kwa lugha asiyoielewa utapata mtoto anayekariri sura za maneno. Atakusomea ukurasa mzima wa kitabu cha darasa, lakini ukifunika picha, hawezi.

Hesabu nayo huwaangusha watoto bila sababu. Aliyesoma Kongo au Burundi huandika desimali kwa mkato, 1,5 badala ya 1.5, na katika kugawanya huweka kigawanyo upande wa kulia. Mwalimu asiyejua hayo anatia mkasi, mtoto anarudishwa gredi mbili, na kijana wa miaka kumi na mmoja anakaa na wa miaka saba. Mtoto aliyeaibishwa hivyo hafungui kinywa, na lugha haiji kwa aliyefunga kinywa. Mimi humweka na rika lake, au gredi moja chini kama amekosa shule muda mrefu.

Kisha sikiliza anavyosoma neno “cat”, maana hapo utajua amefundishwa kusoma wapi. Mtoto wa Burundi ataanza na sauti ya “ch”, kwa sababu katika Kirundi herufi c husomwa hivyo. Aliyesoma Kidinka naye ni vivyo hivyo. Msomali aliyejifunza herufi za Kisomali ataitoa kooni, kama ayn ya Kiarabu, kwa kuwa tangu mwaka 1972 hiyo ndiyo sauti ya c katika maandishi yao. Aliyesoma Kifaransa atasema “k” sawasawa, ila mpe “chat” na “chair” uone, ataanza na “sh”. Aliyesoma Kiarabu ataandika “pen” kama “ben”, atasahau herufi kubwa kwa sababu maandishi yao hayana, na ataruka irabu, aandike “dsk” badala ya “desk”, kwani Kiarabu cha kawaida hakiandiki irabu fupi. Yote hayo ni makosa ya mtoto anayefuata kanuni. Hayahitaji kipindi cha ziada cha “kurudia vizuri”. Mwonyeshe kwamba kwenu herufi hii ni hivi, hapa ni hivi, na ufanye zoezi la jozi: pen na ben, chip na ship. Dakika tano kila siku, sauti moja kwa wiki.

Kwa asiyesoma kabisa, mimi huanza na silabi za Kiswahili. Irabu tano hazibadiliki, silabi karibu zote huishia kwa irabu, na hata mtoto ambaye Kiswahili chake bado ni cha uwanjani huunganisha ma-ma, me-za, ki-ti mapema sana. Gharama yake unailipa baadaye. Mtoto huyo atasoma “make” kama ma-ke, “name” kama na-me, “bike” kama bi-ke. Dawa ni kutangulia: mara tu anapoweza silabi, mpe maneno mafupi ya Kiingereza yanayoishia kwa konsonanti, kama “cap”, “pin” na “tub”, hata kabla hajamaliza Kiswahili. Baada ya hapo weka jozi ubaoni, “cap” juu na “cape” chini, “pin” juu na “pine” chini, e ya mwisho kwa chaki ya rangi. Mwambie haitamkwi, inaibadilisha irabu iliyoitangulia. Wengi hulishika. Wanaobaki nyuma mara nyingi ni waliosubirishwa hadi “Kiswahili kiishe”.

Kundi langu la msaada halizidi watoto 8, dakika 40, mara nne kwa wiki, baada ya vipindi vya kawaida. Siwatoi katika darasa lao la Kiingereza, kwa sababu huko ndiko wanakosikia lugha kwa wenzao. Dakika 5 za kwanza msaidizi anayejua lugha yao huzungumza nao mada kwa lugha hiyo: tuseme mvua, inatoka wapi, huko kwenu mlivunaje maji. Dakika 10 za sauti na herufi, kwa Kiingereza. Dakika 15 za kusoma na kuandika, kwa Kiingereza pekee, nikitumia picha, vitu halisi na mifano ya sentensi kama “I can see a…” ambayo mtoto anaikamilisha. Dakika 10 za mwisho wanaulizwa kwa lugha yao walichoelewa, kisha kila mmoja anasema sentensi moja ya Kiingereza. Maneno mapya ni 6, basi. Ukiweka 15, kesho hata 6 hutayapata.

Zile dakika 15 za katikati msaidizi ananyamaza. Watu wema huharibu kazi hapo. Mtoto akijua kila sentensi itatafsiriwa punde, anaacha kusikiliza Kiingereza, anaingoja tafsiri yake, na kila mtu atamwona ametulia, anaelewa. Mwaka unaisha, ameelewa masomo yote na Kiingereza hana.

Msaidizi nampata wapi? Katika makanisa na misikiti ya wageni wenyewe, na kwa vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri chuo. Mlipeni hata kidogo, anayejitolea bure huondoka katikati ya muhula. Wapo wanaomtoa dada mkubwa wa gredi ya 6 darasani aje kutafsiri. Hiyo siikubali. Naye ni mgeni, na anapoteza sayansi yake. Mwombe wakati wa mapumziko tu.

Daftari la maneno halina gharama. Kila ukurasa una safu tatu: neno la Kiingereza, mchoro wa mtoto mwenyewe, na neno la nyumbani kwa maandishi yoyote anayoyajua mzazi. Mzazi asiyejua kuandika atalitamka, mtoto alichore. Kadi za sauti nazikata kwenye katoni za maziwa na kuandika kwa maka.

Sasa wazazi. Mama wa mtaa wa Shabab huniambia, “Mwalimu, mimi nataka Kiingereza tu, ile lugha yetu aiache.” Namwelewa, amepoteza mengi na anataka mwanawe asibaki nyuma. Lakini mama huyo akianza kumsemesha mtoto kwa Kiingereza cha maneno thelathini, nyumba inakuwa ya amri: njoo, kula, lala. Hadithi, sababu, ugomvi na maelezo hufa, na mtoto anakuja shuleni bila lugha hata moja yenye kina. Humwambia hivi: “Mama, wewe niachie mimi Kiingereza. Jioni msimulie, muulize kwa nini, mwambie akueleze alichosoma.” Wanaofanya hivyo, watoto wao hunipa kazi nyepesi zaidi darasani, na sioni haya kulisema wazi.

Tusijidanganye pia kwamba lugha ya mama inatenda muujiza. Jaribio lililofanywa Bungoma kwa Kibukusu na Machakos kwa Kikamba lilionyesha watoto wa darasa la kwanza na la pili wakisoma lugha yao vizuri zaidi, lakini hawakupata nyongeza katika Kiingereza. Hawakupungukiwa pia. Kwa maoni yangu gredi mbili ni muda mfupi mno, na kusoma Kibukusu hakukufundishi Kiingereza iwapo mwalimu wa Kiingereza mwenyewe anayumba.

Muda ndio unaoponza wengi. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili wa Kanada, alitenganisha Kiingereza cha mazungumzo na kile cha masomo: cha kwanza huchukua kama miaka 2, cha pili miaka 5 hadi 7. Nakuru unaliona hili kila mwaka. Mtoto anapiga gumzo la Kiingereza uwanjani, anaondolewa kwenye kundi la msaada, halafu gredi ya 4 inafika na “evaporation” na “compare”, alama zinaporomoka, watu wanasema ni mvivu. Mimi simwondoi kwa kusikia lafudhi nzuri. Kipimo cha Kenya cha ufasaha katika kusoma Kiingereza madarasa ya chini ni maneno 65 kwa dakika, na 45 kwa Kiswahili. Hutumia hicho, na ninaongeza langu: asome aya ya sayansi asiyowahi kuiona, afunge kitabu, anieleze kwa nini jambo hilo hutokea. Akinitajia maneno bila sababu, anabaki.

Na akishatoka, namfuatilia gredi ya 4 na ya 5. Kwenye maswali ya kueleza namruhusu kuandika rasimu pembeni kwa lugha yoyote, kisha ajibu kwa Kiingereza. Mwalimu wa sayansi hahitaji kujua Kinuer ili kuliruhusu hilo, anasahihisha jibu la Kiingereza peke yake.