Kuandika kwa Ajili ya Sikio

Msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma kuitafuta sentensi iliyompita, na kwa sababu hiyo ninakusihi, mwandishi chipukizi, uisome kila habari kwa sauti kabla ya kuingia studio, ukiikata sentensi yoyote inayokumaliza pumzi. Katika habari hiyo, cheo cha mtu kitangulie jina lake. Kazi ya nje inadai uangalifu zaidi: vaa hedifoni muda wote wa mahojiano, shika maikrofoni karibu na mdomo wa mzungumzaji, kisha, kabla hujaondoka sokoni au bandarini, rekodi sauti ya mahali penyewe kwa sekunde 30 bila mtu kuzungumza, jambo ambalo kwa maoni yangu hupuuzwa mno, ilhali sauti hiyo ndiyo itakayofunika mikato, yaani mahali sauti ilipokatwa na kuungwa, wakati wa kuhariri. Kwenye televisheni, picha ikishaonyesha mafuriko, maneno yaeleze chanzo chake na hali ya waliohamishwa.