Kununua laini bila simu: bei iwe jambo la mwisho kuangalia

Kama simu uliyonayo bado inafanya kazi vizuri, hakuna haja ya mkataba wenye deni la simu ndani yake. Ukitaka simu mpya, chukua bei yake taslimu, ongeza malipo ya laini peke yake kwa miezi 24, kisha linganisha na jumla ya mkataba wa simu na laini kwa muda huohuo. Na mkataba wa simu ukiisha usinyamaze, maana zipo kampuni zinazoendelea kukata kiasi kilekile hata baada ya simu kulipwa yote.

Anza kwa kujua unatumia GB ngapi. Kwenye Android, fungua mipangilio ya matumizi ya data, weka mzunguko uanze siku bando lako linapoanza, kisha soma miezi mitatu iliyopita. Kwenye iPhone kaunta hairudi sifuri yenyewe kila mwezi. Usipoifuta kwa mkono utasoma jumla ya muda mrefu na kununua bando kubwa mno. Muziki wa kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) hula takriban MB 58 kwa saa, lakini saa moja ya video yenye ubora wa 720p inaweza kupita GB 1. Kwa hiyo swali lenyewe ni moja: video unaziangalia kwa Wi-Fi au kwa data?

Neno "bila kikomo" lisome pamoja na masharti yake. Kifurushi kinachoshushwa kasi hadi kbps 128 baada ya kiwango fulani hakijakatika, ni kweli, ila ukurasa wa MB 3 utachukua zaidi ya dakika 3 kufunguka. Mimi naona heri kile kinachobanwa kwa kasi ya Mbps 2 (megabiti kwa sekunde) tangu siku ya kwanza: video ya 480p inapita bila kukwama, na unajua unachopata mwezi mzima. Angalia pia kama hotspoti, yaani kugawia vifaa vingine data ya simu, ina kiwango chake, maana mara nyingi kinaandikwa mbali na bei.

Kisha mtandao wenyewe. Ramani za kampuni hukadiria hali ya nje, nawe unaishi ndani ya kuta. Masafa ya MHz 700 na 800 hupenya kuta vizuri kuliko MHz 2600, kwa hiyo mtandao wa kasi barabarani unaweza kukutupa chumbani. Nunua laini ya kulipia kabla, ya mtandao huohuo unaoufikiria, itumie wiki moja, na uipime jioni watu wanapokuwa wengi. Ukienda kwa kampuni inayokodi minara ya mwingine utalipa kidogo, lakini mnara ukizidiwa wateja wa mwenye mnara wanaweza kutangulizwa. Uliza pia kama simu yako inakubaliwa na kampuni hiyo kupiga kwa VoLTE, yaani kupitia mtandao wa 4G. Pale 3G ilipozimwa, simu isiyokubaliwa hushuka hadi 2G, au haipigi kabisa.

Mkataba wa miezi 12 huwa nafuu kuliko wa siku 30, ila tafuta kifungu kinachoruhusu bei kupanda katikati. Kama kipo na hakikupi haki ya kuondoka bila faini, chukua wa siku 30.

Wakati wa kuhama na namba yako, hakikisha kwanza simu haijafungwa kwa mtandao mmoja. USIFUNGE laini ya zamani mwenyewe, kwani namba inaweza kupotea. Omba uhamisho kupitia kampuni mpya, na majina yafanane pande zote mbili. Usihame siku unayosubiri ujumbe wa benki wenye namba ya siri. Laini ya zamani ikikosa mtandao, weka mpya na uwashe simu upya. Ukiweza kupiga lakini intaneti haifunguki, tatizo mara nyingi ni APN, jina lililo kwenye mipangilio linaloiunganisha simu na intaneti ya kampuni: ingiza ile ya kampuni mpya, herufi kwa herufi, bila nafasi mwishoni.