Unga chini ya miguu ya Bikira Maria

Jamani, leo nimeshtuka mpaka nimekaa chini.

Nina sanamu ya kale ya Bikira Maria, ya mbao, niliyoachiwa na bibi. Mkono mmoja umekatika vidole viwili. Rangi ya joho imebanduka, na palipobanduka unaona tabaka jeupe ambalo mafundi wa zamani walipaka kabla ya rangi. Hayo nilishayazoea.

Asubuhi nimeinyanyua niipanguse vumbi. Pale iliposimama kimebaki kichuguu cha unga.

Laini. Mweupe, kama umesagwa jana.

Nikaigeuza. Mgongoni imekombwa kama mtumbwi. Mafundi walitoa moyo wa gogo ili mbao isipasuke ikikauka. Humo ndani, vitobo. Vya duara, vidogo kama kichwa cha pini, kingo zake safi. Vitobo vya zamani huingia vumbi na kuwa vyeusi. Hivi ni vipya.

Yaani inabunguliwa na wadudu sasa hivi, nami nasali mbele yake kila usiku!

Nilitaka kuipaka mafuta ya taa, nikajizuia. Rangi ya kale ikiharibika hairudi. Nimeifunga kwenye nailoni na kuitenga na sanamu nyingine.

Uso wake hauna kitobo hata kimoja. Nimeuangalia muda mrefu, nikapitisha kidole shavuni polepole. Bado ni laini.

Nasikia wapo wanaoua wadudu hawa kwa baridi kali, au kwa kuwanyima oksijeni. Kuna aliyewahi kufanya? Rangi ilisalimika? Niandikieni, tafadhali.