Sabuni, klorini na siku mbili za kukaa nyumbani

Naandika hii nikiwa nimetoka shifti ya usiku, macho yananiuma ila kuna dada ameanza kazi wiki hii kwenye nyumba yetu ya wazee hapa Uingereza, kaniuliza mbona tunamsumbua sana na kunawa mikono wakati jeli ya alkoholi ya mikono ipo kila mlango. Nikamjibu harakaharaka, sasa nataka nijibu vizuri.

Januari 2023 tulipata norovirus, kile kirusi cha kutapika na kuharisha. Bibi mmoja (huku wanaitwa kwa majina yao ya kwanza, wenyewe wanataka hivyo, ila mi moyoni ni bibi tu) alitapika mezani wakati wa chai ya jioni. Tukafuta, tukampeleka kulala, tukaendelea kugawa chakula kama kawaida. Kesho yake asubuhi wawili wengine wanaharisha, na hapo ndo meneja akapiga simu kwa watu wa afya ya jamii maana wakishafika wawili wenye dalili zilezile kwa wakati mmoja huo tayari ni mlipuko.

Wote tulikuwa tumepaka jeli! Toka Korona kila mtu ana kichupa chake kiunoni, unapaka unaona umemaliza, kumbe kirusi hiki hakina lile ganda la mafuta alilonalo Korona, alkoholi haikimudu vizuri. Kinachokitoa mkononi ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, katikati ya vidole na kile kidole gumba tunachokiruka. Na ile meza tuliyofuta kwa sabuni tu ilitakiwa ifutwe tena na klorini, sisi tunayeyusha vidonge kwenye maji mpaka ifike ppm 1,000, yaani sehemu 1,000 za klorini kwa kila sehemu milioni. Mashuka unaweka kwenye mfuko mwekundu unaoyeyuka humohumo kwenye mashine, hufungui na wala hukung'uti, maana ukikung'uta unakirusha hewani.

Glovu nazo zinatudanganya. Mtu anavaa, anambadilisha mzee pedi, kisha na glovu zilezile anashika kitasa, anabonyeza rimoti ya kitanda, anaenda kumnywesha mwingine maji. Hapo mwenye usalama ni yeye peke yake.

Kilichonitoa machozi kabisa ni wenye dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Unamwambia babu akae chumbani mpaka apone, anakubali vizuri kabisa, dakika tano yupo korido anashika kila ukuta kumtafuta mkewe aliyefariki zamani. Humfungii mtu mlango jamani, kwa hiyo unatembea naye, unamshika mkono, na mwenzako anafuata nyuma na kitambaa cha klorini, usiku kucha. Na maji, mzee akiharisha siku moja tu anakauka midomo na anaanza kuchanganyikiwa, tulikuwa tunawapa vijiko viwili vitatu kila baada ya muda mfupi na kuandika kila kikombe.

Sasa hili ndo nataka lisikike zaidi. Kanuni inasema ukiumwa tumbo hurudi kazini mpaka yapite masaa 48 toka ulipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Dada mmoja wa ejensi, yaani kampuni inayotuletea wafanyakazi wa muda, alirudi kesho yake tu. Watu walimsema sana, mi sikuweza, kwa sababu wakati ule malipo ya kisheria ya ugonjwa yalikuwa pauni 99.35 kwa wiki na siku tatu za kwanza ulikuwa hupewi kitu, na dada ana kodi ya chumba na ada ya watoto Mwanza inamsubiri. Na hili si la kwetu peke yetu, utafiti wa Vivaldi wa mwaka 2020 uliochunguza Korona kwenye nyumba za wazee za huku ulikuta kwamba zile zinazowalipa wafanyakazi wanapoumwa, wazee wao waliambukizwa kidogo zaidi, na zile zinazotegemea sana ejensi ndo zilipata shida zaidi. Mnaweza kubandika mabango ya kunawa mikono hadi darini, kama mwenye tumbo bovu hana hela ya kukaa nyumbani atakuja, na atakuja amenyamaza.

Tulilipeleka kwenye kikao, meneja akakubali kulipa hizo siku mbili kwa wafanyakazi walioajiriwa na nyumba yenyewe. Wa ejensi hawamo mpaka leo. Kikao kingine ni Alhamisi, nimeshaandika jina langu kwenye orodha ya wanaotaka kuongea.