Ufa kwenye ugoko: mbio nyingi, chakula kidogo

Maumivu ya misuli husambaa ugoko mzima na mara nyingi hupoa mwili ukishapata joto. Yangu yalikaa mahali pamoja upande wa ndani wa muundi, padogo kiasi cha kufunikwa na ncha ya kidole. Nikipabonyeza nashtuka. Kadiri nilivyokimbia yalizidi, hadi yakanifuata kitandani. Huo ni ufa wa mfupa, na kuchua hakusaidii.

Eksirei ya wiki ya kwanza haikuonyesha kitu. Ni kawaida: ufa wa aina hii mara nyingi huonekana baada ya wiki 2 au 3, mfupa unapoanza kujiunga. Picha safi isikurudishe barabarani. Maumivu yakiwa kwenye kinena ndiyo ya kuogopwa zaidi. Acha mbio siku hiyohiyo uende hospitali, maana shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, ikivunjika ni upasuaji.

Chanzo hakikuwa lami ya Capri Point, hapa Mwanza. Nilikimbia kilomita 15 kila alfajiri, siku 6 kwa wiki, tumboni chai kavu. Mtu wa kilo 65 huchoma karibu kalori 1,000 kwa umbali huo, sawa na gramu 280 za unga wa mahindi, mbali na mahitaji yake ya kawaida ya siku. Zisiporudishwa, mwili hubana matumizi. Testosteroni, homoni ya kiume, hushuka, na kwa kuwa homoni ya estrojeni ya mwanaume hutengenezwa kutokana nayo, mfupa hupoteza walinzi wawili kwa mpigo. Wengi hudhani haya ni ya wanawake waliokosa hedhi. Sisi pia tuna dalili: hamu ya tendo la ndoa hupotea, na uume hausimami alfajiri kwa wiki kadhaa. Ndugu zangu, semeni hili kwa daktari bila aibu. Huenda likajitokeza kabla mfupa haujapasuka.

Nilikaa wiki 6 bila kukimbia wala kuruka. Baiskeli ilinitunzia pumzi tu. Uzito ukibebwa na tandiko, mfupa haujengeki. Ziwani sikuogelea, kichocho kipo.

Chakula ndicho kilichobadilika hasa. Kabla ya mazoezi, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Nikimaliza, nusu lita ya mtindi, yenye takriban miligramu 600 za kalsiamu kati ya 1,000 zinazohitajika kwa siku. Zilizobaki natafuta kwa dagaa wa mwaloni wa Kirumba, waliwe wazima na miiba yao. Minofu ya sangara haina kalsiamu ya maana.

Nilianza tena baada ya kutembea dakika 30 bila maumivu na kidole kubonyeza palepale pasiume. Mbio dakika 1, kutembea dakika 4, mara 6, siku moja mbio, siku moja mapumziko. Mara 2 kwa wiki nachuchumaa na mzigo mabegani. Maumivu yakirudi palepale, hata kidogo, narudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima.