Terminali ndani ya kivinjari: kuweka ttyd nyuma ya nginx

Kama bado una ukurasa wa zamani wenye apleti ya Java ya kuingilia seva, usihangaike kuufufua. Chrome iliondoa kabisa programu-jalizi za NPAPI, mfumo wa zamani ulioiendesha Java ndani ya kivinjari, mwaka 2015, Firefox ikaacha kuendesha Java Machi 2017, na Java 11 ya mwaka 2018 ikatoka bila programu-jalizi yoyote ya kivinjari. Siku hizi xterm.js, maktaba ya JavaScript, ndiyo inayochora terminali kwenye ukurasa, WebSocket inapitisha herufi huku na huku, na kwenye seva programu ndogo inaendesha amri uliyoipangia.

Kwa programu hiyo ndogo napendekeza ttyd, kwa kuwa ni faili moja na haihitaji hifadhidata. Kuiwasha ni dakika mbili. Kazi yenyewe ni kuulinda mlango, maana yeyote atakayeufikia ukurasa huo ameshika kibodi ya seva yako.

Fungua akaunti isiyo na mamlaka yoyote kwenye mashine ya kati, yaani ile yenye nginx na ttyd inayoingia seva ya ndani (hapa 10.0.0.5) kwa SSH, kisha iendeshe ttyd kwa akaunti hiyo, kamwe si kwa root:

```
ttyd -i lo -p 7681 -b /terminali -W -O ssh -t kazi@10.0.0.5 tmux new -A -s kuu
```

`-i lo` inaifanya isikilize ndani ya mashine tu. Ukiisahau, poti 7681 itakuwa wazi kwa mtandao mzima, bila usimbaji na bila nywila. `-W` inaruhusu kuandika: tangu toleo la 1.7.4, ttyd huanza katika hali ya kusoma tu, ndiyo maana wengi huona kishale kinameta lakini kila wanachobonyeza hakitokei. `-O` inakataa miunganisho ya WebSocket inayoanzishwa na tovuti nyingine. Usiiache, kwa sababu kivinjari hakizuii WebSocket kuvuka tovuti kama kinavyozuia maombi ya kawaida.

Sehemu ya `tmux`, programu inayotunza kikao cha terminali kwenye seva, ina sababu yake pia. Kichupo kikifungwa au intaneti ikikatika, ttyd huiua amri iliyokuwa ikiiendesha, na kazi iliyofika katikati hufa nayo. Ndani ya tmux kazi huendelea, nawe ukirudi unaikuta ulipoiacha. Lakini kumbuka kwamba wote watakaofungua ukurasa huo watakuwa kwenye kikao kimoja, wakiona na kuandika pamoja. Kama mko wengi, ondoa `-A -s kuu`, ili kila mmoja apate kikao chake kipya.

Sasa nginx, seva ya wavuti itakayokaa mbele ya ttyd, ndani ya `server` ambayo tayari ina cheti cha TLS:

```
location /terminali {
    auth_basic "Ingia";
    auth_basic_user_file /etc/nginx/nywila;
    proxy_pass http://127.0.0.1:7681;
    proxy_http_version 1.1;
    proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
    proxy_set_header Connection "upgrade";
    proxy_set_header Host $http_host;
    proxy_read_timeout 3600s;
}
```

Nywila nimeiweka kwenye nginx makusudi. ttyd ina chaguo lake la `-c`, lakini nywila inayoandikwa kwenye mstari wa amri husomeka na yeyote kwenye mashine hiyo anayeweza kuendesha `ps`.

Ukurasa ukifunguka kisha terminali ikabaki tupu ikijaribu kuunganisha upya, fungua zana za msanidi za kivinjari, uangalie ombi linaloishia na `/ws`. Jibu sahihi ni 101, yaani seva imekubali kubadili kwenda WebSocket. Lisipokuja, kwanza kagua mistari ya `Upgrade` na `Connection`. Bila hiyo nginx hulipeleka ombi kama HTTP ya kawaida. Mistari ikiwa sawa, tazama `Host`. Usipoipanga, nginx hupeleka 127.0.0.1:7681, ttyd inailinganisha na jina la tovuti, haifanani, na `-O` inakataa. Ukipata 404, huenda umeweka mkwaju (`/`) mwishoni mwa `proxy_pass`: nginx hukata `/terminali` kwenye njia, ilhali `-b`, inayoiambia ttyd njia ya ukurasa wake, inaitegemea.

Muda wa kusubiri wa nginx kwa kawaida ni sekunde 60. ttyd hutuma ishara ya uhai mara kwa mara, kwa hiyo mara nyingi hutaona tatizo, ila saa nzima hapo juu haidhuru.

Upande wa SSH, usiiachie akaunti hiyo ufunguo usio na nenosiri. Ukifanya hivyo, nywila ya nginx ndiyo inabaki ulinzi pekee wa seva ya ndani. Acha ssh iulize nywila yake. Pia hakikisha alama ya ufunguo wa seva kwa macho yako mara moja, uiweke kwenye `known_hosts` ya akaunti hiyo. Vinginevyo watumiaji watazoea kuandika `yes` bila kusoma.

Limebaki la kibodi, na hili halina dawa kamili. Ctrl+W, ambayo kwenye bash hufuta neno, kwenye kivinjari hufunga kichupo, na ukurasa hauna uwezo wa kulizuia. Ctrl+T na Ctrl+N ni vivyo hivyo. Tumia Alt na kitufe cha kufutia kufuta neno, au fungua ukurasa kama dirisha la programu lisilo na vichupo. Kunakili, chagua maandishi kwa kipanya. Ctrl+Shift+C kwenye Chrome na Firefox hufungua zana za msanidi.