Sadaka Yako Inalipwa na Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kulipita neno la Daudi kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, 2 Samweli 24. Mfalme anapewa kila kitu bure: uwanja, ng'ombe wa sadaka, hata kuni. Anakataa. Hatamtolea Bwana kitu kisichomgharimu yeye mwenyewe. Neno hilo limenibana kwa ajili ya kaka na dada zetu marubani. Kazi yao imejaa kujinyima, nasi tunawasifia kujinyima huko bila kuangalia gharama inatoka mfukoni mwa nani.

Zipo gharama ambazo rubani hulipa mwenyewe, na tumheshimu kwa hizo. Kule Marekani, kwa njia ya kawaida, mtu hufikisha kwanza masaa 1,500 ya kuruka ndipo akabidhiwe kiti katika ndege ya abiria ya shirika. Cheti chake cha afya cha daraja la kwanza hupimwa upya kila mwaka, na akifika miaka 40 ni kila miezi 6. Daktari akisita kutia sahihi, kazi inasimama. Mitihani ya simuleta, ile mashine inayoiga ndege ikiwa angani, inarudi tena na tena mpaka astaafu, na katika safari za kimataifa za mashirika hatavuka miaka 65. Hayo ni yake. Lakini Krismasi na Pasaka je? Katika mashirika mengi zamu huchaguliwa kwa ukongwe kazini, na aliyeajiriwa mwisho huchukua kilichobaki: sikukuu, Jumamosi na Jumapili, na zile zamu za kukaa unasubiri kuitwa. Hapo anayelipa ni mke au mume, na watoto.

Rubani mwenye moyo huliona deni hilo linavyokua. Ndipo anapoanza kulilipa kwa kitu kimoja anachodhani ni mali yake: usingizi. Hapo ndipo nataka tukae leo.

Anatua alfajiri baada ya kuruka usiku kucha. Badala ya kulala anapeleka watoto shule, anashinda na shughuli za nyumba zilizomsubiri, jioni yuko kwenye maombi, na kesho yake anatakiwa kazini kabla jua halijachomoza. Nyumbani wamefurahi, kanisani wamemsifu. Mpendwa, usingizi ule haukuwa wako kuutoa. Ulikwisha kuahidiwa watu 180 watakaokaa nyuma yako kesho, wasiokujua hata jina.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu kwa jaribio la kuratibu jicho na mkono. Aliyekaa macho masaa 17 alifanya vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Alipofikisha masaa 24 ikawa kama asilimia 0.10. Sasa mfikirie mlokole ambaye hajaonja pombe maisha yake yote. Anajua sheria ya Marekani inamkataza rubani kuruka kabla masaa 8 hayajapita tangu alipokunywa. Angeona aibu kuu kukutwa ananuka pombe. Ndiye huyo anaingia chumba cha marubani akiwa macho tangu jana, huku akimwomba Bwana amtie nguvu. Pombe tunaikemea, uchovu tunauita bidii. Ndugu zangu, tutubu.

Uchovu hauonekani kwa kusinzia tu. Mapema sana huanza kuharibu uamuzi, ndiyo maana mchovu mara nyingi hajijui kuwa amechoka. Rubani anarudia vizuri kabisa kimo alichopewa na mwongoza ndege, kisha mkono wake unaweka namba nyingine. Anaruka mstari wa orodha ya ukaguzi kwa sababu macho yamezoea kuupita. Anang'ang'ania kipimo kimoja huku kwenye kipimo cha pembeni mwendo unashuka. Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, mwili unapokuwa chini kabisa, na hata aliyelala mchana huupata uzito huo. Akivuka kanda za saa, mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja hivi kwa siku, na kwa wengi safari za kuelekea mashariki ndizo ngumu zaidi. Aliyevuka kanda 7 akakaa huko siku 2 anarudi mwili wake haujawa wa huko, wala si wa nyumbani tena.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo nchini Marekani, watu 50 wakafa. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kituo chake cha kazi Newark, na kapteni alikuwa akipumzikia katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa jinsi kapteni alivyoitikia vibaya onyo kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege. Lakini walisema pia kwamba yamkini utendaji wa wote wawili ulidhoofishwa na uchovu.

Sheria za mapumziko zilizoanza kutumika Marekani mwaka 2014 zilikuja baada ya msiba huo. Zinadai masaa 10 ya mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala masaa 8 bila kukatizwa. Zinadai masaa 30 mfululizo ya kuwa huru katika kila siku 7, na kuruka kusizidi masaa 100 ndani ya siku 28. Masaa 10 yanaonekana mengi. Toa basi la kwenda hotelini, kupokea ufunguo, kula, kuoga, kupiga simu nyumbani, kuvaa, na basi la kurudi uwanjani. Ukijiongezea saa moja ya kuperuzi simu kitandani, masaa 8 yamekwisha kuwa 6.

Sheria hizo hizo zinamtaka kila rubani athibitishe kabla ya safari kwamba yuko timamu kwa kazi. Mpendwa, imani yako inapimwa hapo kuliko inavyopimwa kwenye kwaya. Bwana alisema maneno yetu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo. Ukijua umelala masaa 3 na ukathibitisha kuwa uko tayari, umeshuhudia uongo juu ya roho za watu. Piga simu kwa wapanga zamu useme, "Nimechoka, siwezi kuruka salama." Sema mapema, kabla hujatoka nyumbani, ili wa akiba apate muda wa kuitwa. Kuna maswali utaulizwa, fomu utajaza, na kwa wengine malipo ya safari hiyo yataondoka. Lipa. Hiyo ndiyo sadaka ya uwanja wa Arauna, maana inatoka kwako.

Wala usidhani Mungu anaona haya kuwalaza watumishi wake. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Zaburi ya 127 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Zawadi hupokelewa kwa mikono. Kabla ya zamu ya usiku lala alasiri kama dakika 90. Kahawa ikome masaa 6 kabla ya kulala, kwa sababu baada ya masaa 5 hivi karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Chumba kiwe giza, kiwe na ubaridi, simu ikae nje. Ukitua alfajiri, lala dakika 20 kabla hujashika usukani wa gari. Barabara ya kurudi nyumbani nayo ina watu wake.

Nyumbani, siku ratiba ya mwezi inapotoka kaeni wawili na kalenda, mwandike usingizi kwanza kama mnavyoandika zamu, ndipo siku za familia zifuate. Sherehe ya mtoto inaweza kusogezwa. Mtoto wa miaka 4 haijui tarehe, anajua kwamba ulikuwepo na hukuwa umelala kwenye kiti. Na ukirudi, usianze siku hiyo hiyo kupangua taratibu ambazo mwenzako ameishi nazo wiki nzima bila wewe.

Sasa wazee wa kanisa, niwaambie kwa upendo. Waebrania 10:25, inayosema tusiache kukusanyika pamoja, tumeigeuza fimbo ya kuwachapa watu wa zamu. Mtu ametua saa 11 alfajiri Jumapili, naye tunamwandika kuwa amepoa kiroho kwa kuwa hakuonekana ibada ya asubuhi. Kwa hiyo anakuja, anasinzia kwenye mahubiri, anaondoka na hatia, na usiku anaruka. Dhambi hiyo tumeshiriki. Ombeni ratiba yake kama mnavyojua ratiba ya kwaya. Mpelekeeni Meza ya Bwana Jumanne. Msimpigie kabla ya mchana bila kujua alitua saa ngapi. Na mwenzake akija ibadani peke yake na watoto, mwacheni kumuuliza, "Leo tena hayupo?" Kaeni naye benchi moja, mmoja wenu ampakate mdogo mpaka ibada iishe.